Mistari ya Ukumbi Mpya: Kumuaga Meshtru Nanjundayya

Tarehe 31 Machi mwaka huu, king'ora cha zamu ya mchana kitakapolia saa kumi na moja jioni, Bwana K. Nanjundayya, mwalimu wa yoga wa Kiwanda cha Hariri cha Chikkanur, ambaye sote humwita Meshtru, yaani mwalimu, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa kazini, na atastaafu. Siku hizo nimezihesabu mimi, Chowrappa, mtunza stoo wa Idara ya Ustawi. Nimeombwa kumwandikia wasifu katika jarida letu kwa sababu nimefanya kazi naye chini ya paa moja kwa miaka ishirini na sita.

Nilikubali upesi mno. Kisha nikakaa na karatasi siku kumi na moja bila kuandika neno, kwa woga. Wanaonifahamu hawatashangaa. Mimi hukagua kufuli la mlango mara tatu kabla ya kulala, na nikisikia watu wanakimbia barabarani, hujificha kwanza ndipo nikauliza kuna nini. Lakini woga wa safari hii una sababu yake. Katika faili la Meshtru kuna barua moja ya onyo, imo humo mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwa ajili yake Ofisi Kuu imesema cheti chake cha kustaafu hakiwezi kuandikwa maneno "utumishi usio na doa". Barua ile haisemi kweli. Kosa lililoandikwa humo nililifanya mimi. Nitalieleza hapa mbele ya wafanyakazi mia sita, ikiwa mkono wangu utanifikisha huko.

Kwanza nimtendee haki mwenye siku yake.

Meshtru aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, baada ya daktari wa kiwanda kulalamika kwamba vifua vya wavuta nyuzi vinaharibika. Kila mmoja wetu anaujua mvuke wa vifukofuko vya viwavi wa hariri vinavyochemshwa, na anaijua ile harufu ambayo hata sabuni ya Jumapili haiitoi. Uongozi ulitarajia mzee mwenye ndevu hadi kitovuni. Akaja kijana mwembamba juu ya baiskeli, amenyoa safi, mistari mitatu ya majivu ya hekaluni kwenye paji la uso, chakula chake kimening'inia kwenye usukani. Walipomuuliza anahitaji nini ili aanze kazi, aliomba ufagio. Darasa la kwanza lilikuwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa amekuja kujificha msimamizi asimwone.

Watu hawakuja kwa sababu walikuwa na hofu, kila mmoja na yake. Dastagir Sab wa mtambo wa mvuke, wakati huo kijana mwenye mabega mapana na hasira za karibu, alisema mazoezi yale ni ya kulisalimu jua, na yeye hawezi kulisujudia jua. Meshtru hakubishana naye. Aliyaita yale mazoezi "Kumi na Mbili", kwa kuwa yana hatua kumi na mbili, na tangu siku ile tunahesabu tu, moja mpaka kumi na mbili, anayeliona jua humo na alione, asiyeliona basi anyooshe mgongo. Ningamma wa mashine ya nne alisema mama mkwe wake hatakubali alale chini chumba kimoja na wanaume. Meshtru akaenda kwa mama mkwe, akanywa kahawa vikombe vitatu, na wiki iliyofuata alirudi na wote wawili. Mimi, nilipoajiriwa miaka mitano baadaye, nilisema mgongo wangu mbovu. Mgongo wangu hauna ubaya wowote. Nilikuwa naogopa kufumba macho mbele za watu.

Basi nikapewa kazi ya kulinda ndala mlangoni. Kila mwaka mara moja, sikukuu ya taa ikikaribia, Meshtru hunipita pale na kuniuliza, "Utaingia lini, Chowrappa?" Nami hujibu, "Mwakani, Meshtru."

Mwanzo wa darasa aliwaambia watu wavute pumzi na kila mtu atumie neno lake mwenyewe, kimoyomoyo. Hakuuliza neno la mtu ni lipi, na ole wake aliyemuuliza jirani. Mwezi wa Ramadhani alisogeza darasa ili wanaofunga wawahi kufuturu, na siku moja katika kila Ramadhani alifunga pamoja nao, ijapokuwa kufika alasiri alikuwa mkali kama nyigu. Krismasi alikula vitumbua vya mke wangu vingi kuliko watoto wangu. Na kuna ile siku isiyosahaulika alipowalaza watu mlalo wa maiti, ule wa mwisho wa darasa, chali, mikono wazi, macho yamefumbwa, akaeleza jinsi ya kulegeza vidole, kisha yeye mwenyewe akaanza kukoroma. Watu arobaini walitoka kwa kunyata, ndala mikononi. Aliamka saa mbili usiku akakuta nimemfunika turubai.

Mlalo huo wa maiti ndio wenye habari yetu, kwa hiyo niueleze vizuri. Wahindu wa kwetu hawalazi kichwa kaskazini, maana hivyo ndivyo wanavyolazwa wafu. Waislamu hawaelekezi miguu magharibi, maana huko ndiko Kibla. Sisi wa parokia tunalala popote penye godoro. Katika ukumbi wa zamani Meshtru alikuwa amepima akapata mwelekeo usiomuudhi mtu: kichwa kusini, miguu kaskazini. Mlango wa ukumbi ule ulikuwa upande wa kaskazini, kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili watu walilala miguu mlangoni, hata wakasahau kwamba kulikuwa na hesabu yoyote. Mimi nami nilikuwa mmoja wa waliosahau.

Mwaka wa kumi na tatu tulijengewa ukumbi mpya nyuma ya mtambo wa mvuke. Ulikuwa mwisho wa Agosti, mvua inanyesha siku ya kumi, na mjini kulikuwa kubaya. Katika mji wa pili kutoka kwetu maandamano ya sikukuu yalikuwa yamegeuka mawe na moto, na maduka ya soko letu yalifungwa saa tisa mchana bila mtu kuamuru. Wauza maziwa waliacha kupita mitaa fulani. Kina mama waliwaita watoto ndani kwa sauti ya chini. Kiwandani watu waliendelea kuvuta nyuzi bega kwa bega, lakini niliona kwamba wakati wa chakula wanakaa mafungu mawili, na mafungu hayakutazamana.

Jumamosi Meshtru alinipa kopo la rangi ya njano, brashi, na dira ndogo ya shaba aliyoachiwa na baba yake. "Chora mistari ya kulalia," alisema. "Usikisie. Jua hatujaliona siku ya tano hii. Tumia dira." Nikasema ndiyo. Basi la kwenda kwenye sikukuu ya Bikira Maria lilikuwa linaondoka saa nane, mke wangu ameshavaa, binti zangu wawili wamesukwa na maua kichwani. Dira niliitia kwenye droo. Nilichora miguu mlangoni, kama kawaida. Mlango wa ukumbi mpya unatazama magharibi.

Jumatatu walilala. Jumanne, Jumatano. Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, watu arobaini na watatu wakiwa chali, mawingu yalipasuka kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. Mimi nilikuwa mlangoni na ndala. Nililiona jua likipita begani kwangu, likaingia ukumbini chini chini, likatua kwenye nyayo zao. Nyayo themanini na sita, zote zimewaka njano. Nilielewa kabla yao.

Dastagir alihisi joto. Aliinua kichwa, akatazama vidole vyake vya miguu, akatazama mlango.

"Meshtru," alisema. "Hiyo ni magharibi."

Mmoja mmoja waliketi.

"Siku nne! Siku nne nimelala hapa nimeielekezea Kibla nyayo zangu, na wewe umekaa hapo unaniambia vuta pumzi, toa pumzi!"

"Punguza sauti, bwana," alisema kijana mmoja wa upande wa pili, Gangadhara wa ufungashaji. "Ni mistari tu."

"Kwako ni mistari tu! Njoo nikulaze kichwa kaskazini tuone kama ni mistari tu!"

Walikuwa wamesimama. Sijawahi kuona chumba kikigawanyika upesi namna ile, kina dada ukutani, wanaume mafungu mawili, na katikati mikeka mitupu. Meshtru alitazama jua, akatazama mistari, kisha akanitazama mimi kwa muda wa kupepesa jicho mara moja tu.

"Mistari ni yangu," alisema. "Kosa ni langu, Dastagir. Peke yangu."

Baadaye alinikuta stoo nimejifungia, nimekaa juu ya magunia ya chokaa. Aligonga kwa kidole. "Dira iko wapi?" Nikaonyesha droo, akaitoa akaitia mfukoni. "Uliitumia?" Nikatikisa kichwa. Nikamwambia nitakwenda kusema sasa hivi, lakini maneno yalitoka mdomoni tu, sikunyanyuka.

"Nyumba yako ni ya mwisho kabisa kwenye kota, Chowrappa," alisema. "Nyuma yake kuna miforosadi na giza. Mimi watanitukana, labda watanisukuma. Wewe sijui watakufanya nini, na sitaki kujua. Una wale mabinti. Nyamaza."

"Mpaka lini, Meshtru?"

"Mpaka watulie."

Nimenyamaza miaka kumi na tisa.

Usiku ule habari ilitembea upesi kuliko sisi. Kufika asubuhi si siku nne tena bali miezi minne, si mistari bali maneno matakatifu yamechorwa sakafuni yakanyagwe. Upande wa pili nao waliambiwa ukumbi unakwenda kuvunjwa na mwalimu wao ameuawa. Ijumaa saa mbili asubuhi palikuwa na makundi mawili langoni, kila moja na fimbo, na kati yao uwazi wa kupita gari moja. Nilipita katika uwazi huo na kopo langu la chakula kifuani. Hakuna aliyenigusa. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akigonga fimbo yake kwenye nguzo ya lango polepole, tak, tak, bila kumtazama mtu, na mpaka leo nikisikia seremala anapiga msumari mwendo ule hubadili njia.

Meneja wa wakati huo alinipa mnyororo na kufuli nikaufunge ukumbi. Nakiri nilifurahi. Ukumbi ukifungwa, mistari haionekani, na rangi yangu itaozea gizani. Nilikuwa nimeshapitisha mnyororo kwenye vipete vya mlango Meshtru alipoushika.

"Leo tukiufunga hautafunguliwa tena," alimwambia Meneja. "Niitie Dastagir."

Dastagir alikuja na kaka zake wawili, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Waliokuwa langoni wakaja nyuma yake, makundi yote mawili, mpaka uwanja ukajaa. Meshtru aliwasubiri mlangoni. Alikuwa amemzidi Dastagir miaka kumi na miwili, ni mwalimu wake, mtoto wa kasisi wa hekalu, na majivu yake yako usoni. Akainama. Akaigusa miguu ya Dastagir kwa mikono miwili, ile ile miguu, kisha akaipeleka mikono kwenye macho yake mwenyewe.

Ninyi vijana mliokuja juzi hamwezi kujua jambo lile lilivyokuwa zito. Sisi tunagusa miguu ya wakubwa. Mkubwa hagusi ya mdogo. Dastagir aliruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya mtambo. Kutoka kwenye kundi la pili mtu alipiga kelele, "Inuka, Meshtru! Unatuaibisha!" na fimbo zikaanza kusogea, safari hii kutoka upande wake mwenyewe. Hapo ndipo niliposadiki kwamba tutakufa, yeye na mimi, mmoja kwa kosa na mwingine kwa kulibeba.

Aliinuka bila haraka, akatoa dira mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Dastagir. "Pima mwenyewe. Uchore mwenyewe. Chowrappa atakushikia rangi."

Niliingia naye. Tulikuwa wawili tu ndani, na mlango umejaa nyuso. Alipiga magoti akasubiri sindano itulie, akachora mstari wa kwanza, wa pili, juu ya mistari yangu, na kwa kila mstari niliona jinsi wangu ulivyokuwa umekaa kijinga. Tone la rangi lilimwangukia mkononi.

"Shika vizuri, Chowri, unanimwagia," alinguruma. "Wewe unaogopa nini? Kwani ulichora wewe?"

Mungu anisamehe, nilicheka.

Rangi ikiwa bado mbichi, Meshtru aliingia, akalala mstari wa mbele, kichwa kusini, akafumba macho. Mlango wazi. Wenye fimbo hatua nne kutoka ubavuni mwake. Saa ya ukutani ilikuwa mpya na ilikuwa na sauti. Nilihesabu dakika sita ambazo hakuna mtu aliyeingia wala kutoka, na kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu aliye kwake. Kisha Ningamma akawapenya wanaume kwa viwiko, akavua ndala, akanikabidhi kama siku zote.

"Sogea, Meshtru," alisema. "Ya tatu kutoka ukutani ni yangu. Nimelala ya tatu miaka saba, sihamishwi na mtu kwa ajili ya kelele."

Akalala. Wakafuata wawili wa mashine yake, kisha Gangadhara mwenye aibu zake, kisha Waislamu wa mtambo wa mvuke, mmoja mmoja, wakikanyaga kwa tahadhari wasiharibu rangi. Wa mwisho alikuwa Dastagir. Na hapo nje mtu akarusha jiwe. Lilianguka juu ya mabati, likabingirika mteremko mzima, likadondoka upande wa pili. Hakuna aliyeketi. Ningamma, macho yamefumbwa, alisema kwa sauti ya kuwasikilizisha waliokuwa nje, "Vuta pumzi." Watu thelathini na tisa wakavuta.

Waliokuwa uwanjani walikaa mpaka karibu adhuhuri, wakachoka, wakaondoka kwa mafungu. Wengine walikuwa wanakimbilia sala ya Ijumaa, na wengine zamu yao ilikuwa imeanza. Chikkanur haikuungua mwaka ule. Sisemi ni kwa ajili ya ukumbi wetu. Nasema tu kwamba haikuungua.

Dastagir alirudi darasani kila siku, lakini hakufumba macho. Nilimwona kutoka mlangoni kwa miezi kumi na moja, amelala chali anatazama mabati, mwili umelegea na macho yako kazini. Meshtru hakumsemesha. Siku moja ya Julai nikihesabu ndala nilitupa jicho ndani nikamwona amefumba. Sijui alianza lini, labda siku ile, labda wiki nzima kabla.

Barua ya onyo ilikuja mwezi mmoja baada ya Ijumaa ile. "Uzembe uliohatarisha amani ya kiwanda." Meshtru aliitia sahihi mbele yangu kwa kalamu niliyomwazima, akanirudishia kalamu, akauliza kama mikeka mipya imefika.

Tangu hapo amefundisha watu zaidi ya elfu mbili, amewafundisha walimu wa viwanda sita vya wilaya hii kupima mwelekeo kabla ya kutandika mkeka, na wauguzi wa zahanati yetu wanasema wavuta nyuzi wake hukohoa kidogo kuliko wengine. Ukumbi haujafungwa hata siku moja isipokuwa ile miezi ya maradhi, na hata wakati huo alihesabu Kumi na Mbili kwa kipaza sauti kwenye uwanja wa kota, watu wamesimama kila mmoja kibarazani kwake. Yote hayo yako kwenye kumbukumbu, na Ofisi Kuu inayo nakala. Inayo pia ile barua.

Ninapoandika, uchaguzi umebaki wiki tano. Bendera zimejaa kwenye nguzo za umeme, na wiki iliyopita soko lilifungwa saa tisa mchana tena. Nyumba yangu bado ni ya mwisho kwenye kota. Mke wangu, Arogyamary, aliisoma rasimu hii akaiweka chini ya sufuria.

"Chowri, umechoka kuishi? Subiri uchaguzi upite."

"Ukipita uchaguzi itakuja sikukuu, Mary. Ikipita sikukuu itakuja jambo jingine. Yeye anaondoka tarehe thelathini na moja."

"Na wakija?"

Alikaa akisugua ile sufuria, ambayo ilikuwa safi, kisha akaitoa rasimu na kuipangusa maji kwa ncha ya sari yake. Akasema kama ni lazima niandike, basi niende kwa Dastagir kwanza, asiisome kwenye jarida kama mtu baki.

Nilikwenda Jumapili. Nilisimama mlangoni kwake mpaka mkewe akaniuliza kama nimekuja kusoma mita. Dastagir ana mvi sasa, na ndiye mkuu wa mtambo wa mvuke. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: basi, droo, dira, miguu mlangoni. Alisikiliza akiwa anapasua karanga. Nilipomaliza aliendelea kupasua karanga moja, hakuila.

"Uliponishikia kopo," alisema, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukacheka."

"Nilicheka kwa woga, Dastagir Anna." Ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu, lakini nilimwita kaka mkubwa, na sijutii.

Alinyanyuka, nami nikarudi nyuma hatua mbili mpaka ukutani. Alikuwa anaangalia miguu yake mwenyewe.

"Mzee yule alinishika hii," alisema. "Mbele ya mji mzima. Na mimi nikanyamaza, nikaona ndiyo haki yangu, maana amekosa. Miaka kumi na tisa nikimwona namwambia moyoni, nimekusamehe. Nimemsamehe nini?" Akaketi tena, kwa uzito. "Hakuwa amenikosea lolote. Chowri, mimi nimemsamehe nini?"

Niliomba ruhusa niondoke. Aliniacha mpaka nikafika barabarani ndipo akaniita kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani. Nikadhani saa yangu imefika. "Andika!" alisema. "Na langu uliandike. Uandike kwamba Dastagir aliiacha miguu yake ikashikwa na mtu asiye na kosa, asiseme kitu. Usiniandikie kwa huruma!" Nimeandika kama alivyotaka.

Nimemwomba Meneja kwa barua, nakala kwa Ofisi Kuu, karatasi ile ihamishwe kutoka faili la Meshtru iingie langu, na tarehe yake ibaki ile ile ya zamani. Bado hajanijibu. Meshtru mwenyewe hajui ninachoandika. Angejua, angesema bado hawajatulia.

Kwa niaba ya Idara ya Ustawi, wavuta nyuzi wa zamu zote tatu, wenzetu wa mtambo wa mvuke na wote waliowahi kukoroma katika ukumbi ule, tunakushukuru, Meshtru. Mungu akujalie kifua chepesi, majirani wapole, na mkeka usiolazimika kuupima. Baiskeli yako tumeitia mnyororo mpya.

Hafla ya kuaga itaanza na darasa, saa kumi na moja na robo, tarehe 31, na wote mnakaribishwa. Ndala ziachwe mlangoni kama kawaida, ila siku hiyo hazitakuwa na mlinzi. Meshtru, usiniulize lini. Mlinzi atakuwa ndani, kichwa kusini, kati ya Dastagir na Ningamma, mlango wazi ubavuni mwake, akiogopa kama siku zote, macho ameyafumba.